Sentimita Nne za Papa Kakule

Kila asubuhi, mbele ya kunawa uso, mbele ya chai, mbele hata ya kumuambia muke wake neno moja, Papa Kakule alisimama na kuupa ukuta mugongo. Visigino viwili viligusa ubao wa chini, mikono ikaanguka pembeni, macho yakatazama mbele kama ya mutu anayepigwa picha ya kitambulisho. Muke wake, Mama Philomène, alichukua ile mita ya kushonea, ya njano, akapima nafasi iliyokuwa kati ya kisogo cha bwana na mbao za ukuta. Kwa mutu mwenye mugongo muzima, kisogo kinagusa ukuta bila kuombwa. Cha Papa Kakule hakikugusa, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia.

"Ngapi?"

"Munane."

"Munane kamili, ao munane na kitu?"

"Munane kasoro kitu. Kitu yenyewe ni nywele. Nyoa, tutapata munane kamili."

Kisha Papa Kakule aliandika ile namba kwa chaki ya kushonea kwenye mubao wa mulango, chini ya namba ya jana, iliyokuwa chini ya namba ya juzi. Wateja walioingia kuchukua pantalo zao walidhani ni vipimo vya mutu fulani mwenye shingo ya ajabu. Hawakukosea sana.

Papa Kakule alikuwa fundi wa nguo za wanaume katika mutaa wa Mabanga. Alitoka Butembo akiwa kijana, na mashini ya kushona juu ya kamio la mizigo, yeye mwenyewe akakaa juu ya magunia ya maharagi kuilinda. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita. Kostimu zake zilijulikana kwa kola. Watu walisema kola ya Kakule hailali hata mwenyewe akilala katikati ya mahubiri. Lakini yeye aliyesimamisha kola za watu, shingo yake mwenyewe ilikuwa inamuinamia kidogo kidogo.

Asubuhi mugongo wake ulikuwa ubao. Alihitaji saa nzima ili awe mutu. Mutu akimuita kutoka pembeni, hakugeuza kichwa, aligeuka muzima muzima, kifua, tumbo na magoti pamoja, na Mama Philomène akitangaza, "Kabati imegeuka. Sema mambo yako haraka mbele irudi."

Ugonjwa huo hakuuokota barabarani. Ulikuwa wa ukoo. Babu yake alikuwa nao, baba yake pia. Baba yake aliinama mwaka baada ya mwaka, hadi akawa anaona ardhi tu, akasalimia watu kwa viatu vyao. "Ah, kisigino hiki kimeliwa upande wa kushoto, ni wewe, Kambale. Watoto wanaendeleaje?" Watu walicheka, na muzee alicheka wa kwanza. Ila siku moja, baada ya misa, walimuletea mujukuu wake wa kwanza, mutoto wa siku tisa. Muzee hakuweza kumuona. Ilibidi wamukalishe muzee juu ya jiwe, kisha mama wa mutoto apige magoti na kumuingiza mutoto chini ya uso wake, kama mutu anayesukuma sahani chini ya kitanda. Kakule alikuwa na miaka kumi na nne. Siku ile hakucheka. Tangu hapo jambo moja tu lilimutisha duniani kupita vita na volkano: kuzeeka bila kuona nyuso.

Hospitalini waliupa ugonjwa huo jina refu la Kifaransa lenye kuanzia na *spondilo*. Aliyemuelezea vizuri ni Aubin, kijana wa kiné, yule anayefundisha wagonjwa kunyoosha viungo.

"Papa, mwili yako inajipiganisha yenyewe. Mifupa ya mugongo inavimba pale zinakutana, na zikichoka kuvimba, zinashikana. Wewe ulizaliwa na mulango wazi ya ile ugonjwa. Haifungwi kabisa. Lakini tunaweza kuisukuma isifunguke zaidi."

"Na chakula? Kuna chakula gani ya kuifunga?"

"Hakuna chakula yenye kufungua mugongo," alisema Aubin. "Ile yenye kusaidia mwili, iko. Kula sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, ziko na mafuta ya muzuri. Kula mboga na maharagi. Punguza sukari, punguza pombe ya kasiksi. Meza dawa ya uvimbe kisha ya kula, si mbele. Na ujinyooshe kila siku, hata kama unasikia uvivu. Ukitaka kumeza kitu kingine, hata kama ni majani ya bibi yako, kuja uniambie mbele. Ukuta, upime mara moja kwa mwezi."

"Kwa mwezi?"

"Kwa mwezi, Papa. Haitembei mbio kama moto ya nyumba za mbao za Birere."

Papa Kakule alitii yote isipokuwa hilo la mwezi. Fundi gani ana mita nyumbani akangoja mwezi? Mwaka muzima alikula sambaza jumanne na ijumaa, alimeza dawa baada ya chakula, alijilaza juu ya kitenge cha zamani cha Mama Philomène akajinyoosha na kugumia hadi kuku wakatoka nje. Na namba ikakaa. Nane jana, nane leo, nane kesho. Aubin alisema nane isiyopanda ni ushindi mukubwa. Sawa, lakini nani alishawahi kupigia vigelegele namba isiyotembea?

Pale ndipo Mama Charline alipoingia, na hakuingia kwa mulango.

Nyumba yao ya mbao ilikuwa moja yenye nusu mbili. Nusu hii ya Kakule, nusu ile ya Mama Charline, na katikati ukuta wa mbao nyembamba. Katika nyumba kama ile, siri ni mali ya wenye matofali. Mutu akikohoa huku, kule wanamuambia pole. Kwa hiyo asubuhi moja, Mama Philomène aliposema "munane," ukuta ukajibu:

"Munane tena?"

Papa Kakule hakuweza kugeuka, alikuwa anapimwa. "Mama Charline, wewe ni jirani ao ni redio?"

"Mimi ni jirani yenye kukupenda. Mwaka muzima nasikia munane, munane, kama mutoto wa darasa ya kwanza. Kuja huku, niko na kitu."

Mama Charline alikuwa muuzaji wa beignets, yaani maandazi, mutu wa moyo mweupe na mudomo usiolala. Miezi miwili nyuma alikuwa ameingia katika kundi moja la wauza afya lililoitwa Uzima Tele. Waliuza vidonge vya mafuta ya samaki, unga wa manjano ndani ya chupa, na chai ya majani ambayo hata Mama Charline hakujua ni majani gani, ila alijua yanatoka mbali. Kwake kitu kinachotoka mbali hakiwezi kuwa bure. Makubaliano yalifanyika haraka: yeye atatoa vidonge, Papa Kakule atashonea kundi makoti ya rangi ya violet.

Pamoja na vidonge ilikuja karatasi ya vyakula. Upande wa "ndiyo" ulikuwa mufupi kama sala ya mutu mwenye njaa. Upande wa "hapana" ulijaa hadi nyuma ya karatasi: bugali hapana, maharagi hapana, nyanya hapana, fromaji ya maziwa ya Masisi hapana, viazi hapana.

"Na sambaza?" aliuliza Mama Philomène.

"Sambaza ya nini tena?" alisema Mama Charline. "Mafuta ya samaki si iko ndani ya kidonge?"

"Ziwa iko pale chini, sambaza zinatuangalia," alisema Mama Philomène. "Sisi tunakula samaki yenye ilipanda ndege."

"Na dawa ya hospitali, Papa, uiache. Ile ni kemikali, haipatani na ya kwetu. Na ile kujinyoosha yako ya kuogopesha kuku, acha pia. Acha mafuta itembee pole pole kwa mugongo," alisema Mama Charline.

Papa Kakule alimutazama muke wake, yaani aligeuka kabati nzima ili amutazame. Mama Philomène alipandisha mabega. "Mugongo ni yako. Mimi kazi yangu ni mita."

Basi akaacha dawa, akaacha sambaza, akaacha kitenge cha mazoezi. Saa sita alikula mboga ya lenga-lenga iliyopikwa na maji na chumvi, nusu avoka, na vidonge viwili vya kung'aa kama shanga. Watoto walikula bugali na maharagi mbele yake. Yeye aliangalia pembeni, jambo ambalo kwa mutu wa shingo ile si rahisi.

"Leo utaongeza?" aliuliza muke wake.

"Kuna nini ya kuongeza?"

"Maji ya lenga-lenga. Ama nikukatie kipande ya kivuli."

Juma la tatu, asubuhi, Mama Philomène alipima. Akapima tena.

"Sema!"

"Saba."

Ukuta ulipiga kelele ya furaha kabla yao. Mama Charline alikuja mbio na kitenge cha kulalia, akaimba, akacheza, akamupigia Papa Kakule makofi begani hadi akakunja uso. Siku ile alipanda cheo katika Uzima Tele kwa sababu ya ushindi huo, na wakamuletea kartoni mupya za bidhaa. Juma la sita ilikuwa sita. Wakamupandisha tena, wakamuletea kartoni zingine. Mwezi wa tatu ulipoingia, namba kwenye mulango ilikuwa nne. Nne! Papa Kakule aliandika ile namba kubwa kuliko zote. Wateja walioijua hadithi walimupongeza, na majirani wawili wa avenii waliacha maharagi bila hata kuwa wagonjwa.

Lakini mwili wake haukusikia habari ile njema. Ule ubao wa asubuhi, uliokuwa unachukua saa moja kulainika, sasa ulichukua mbili, siku zingine ulimukuta bado muchana mashinini. Hakuweza kufunga kamba za viatu. Mama Philomène ndiye aliyezifunga, akiimba wimbo wa watoto wa shule ya chekechea ili amuchokoze.

"Unapona namna gani, wewe mwenye kushindwa kufikia kiatu?"

"Ni sumu inatoka. Mama Charline alisema mbele ya kupona kabisa, sumu inatoka kwanza."

"Sumu yako haina haraka."

"Philomène, nani anasema uongo, mimi ao mita?"

Hapo ndipo kosa lake lilipokuwa, na ni kosa ambalo fundi wa nguo tu angelifanya. Miaka ishirini na minne watu walikuja kwake wakasema, "Papa, mimi si munene," na mita ikasema wamekuwa wanene. Wakasema, "mabega yangu yako sawa," na mita ikasema hapana. Mita haikumudanganya hata siku moja. Mwili wa mutu ndio uliodanganya. Kwa nini basi auamini mwili wake mwenyewe?

Jambo moja tu lilimushangaza. Akisimama ukutani asubuhi, alisikia kama kuna mutu anamusukuma taratibu mabegani. Alimuambia Mama Charline kupitia mbao.

"Ni omega, ile ya mafuta ya samaki," ukuta ukajibu. "Inaanza kusimama."

Uzima Tele waliandaa semina kubwa Birere, siku ya jumamosi, na mutoa ushuhuda mukubwa alikuwa Papa Kakule. Monsieur Carlos, mukubwa wa kundi, alikuja yeye mwenyewe kumualika. Hapo hapo alipimwa koti lake la violet, na Papa Kakule aliona kwamba bega moja la Carlos linakaa chini ya lingine. Aliongeza pamba upande ule, na toka siku hiyo Carlos alisimama sawa mbele ya watu, kwa siri ya watu wawili na pamba.

Siku ya alhamisi, mbele ya semina, Mama Philomène alisafisha nyumba. Aliondoa utando wa buibui, akapanguza kalenda ya parokia, akafika kwenye musalaba uliokuwa ukutani, juu ya mahali bwana wake alipozoea kusimama. Akasimama na kitambaa mukononi.

"Papa. Kuja uone. Yesu ameacha ukuta."

"Unasema nini?"

"Kuja tu uone."

Musalaba ulikuwa bado kwenye musumari wake. Lakini sehemu ya chini haikugusa mbao tena. Ilining'inia hewani, na kati yake na ukuta kidole kingeingia bila shida. Mama Philomène aliusukuma, ukagusa mbao, akauacha, ukarudi hewani.

Papa Kakule aliutazama kutoka pembeni. Alikwenda kwenye mashini, akachukua uzi, akafunga bobini ndogo ya chuma kwenye ncha. Aliubana uzi kwa kidole ukutani pale kisogo chake kinapofika, akaiachia bobini ishuke hadi chini, karibu na alama za visigino vyake. Bobini ilicheza huku na huku, ikatulia. Haikugusa ukuta. Alipima kutoka bobini hadi ubao wa chini. Alipima mara tatu, kwa kuwa hakuna fundi wa kweli anayekata kitambaa kabla ya kupima mara tatu.

"Ngapi?" aliuliza Mama Philomène. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kuuliza.

"Ine."

Walitazamana. Mama Philomène alihesabu kwa midomo: nane, ondoa nne. Halafu akakaa juu ya kitanda, akafunika uso na kile kitambaa cha vumbi, na mabega yakaanza kutetemeka.

"Unalia?"

"Niache," alisema kutoka ndani ya kitambaa. "Mimi nacheka, lakini nitalia kisha. Papa, haukupona wewe. Ni ukuta ndiyo ilikufuata!"

Walikwenda upande wa pili. Mama Charline alifungua mulango kidogo, kama mutu mwenye maiti ndani. Kweli hakukuwa na nafasi ya kuufungua zaidi. Chumba kilijaa kartoni za Uzima Tele toka chini hadi dari, na zote ziliegemea ule ukuta wa katikati. Chupa za manjano chini, chai katikati, vidonge juu. Mbao za ukuta zilikuwa zimeinama upande wa Kakule, juu kupita chini, kama mulevi anayetafuta bega. Kila mara namba ya Papa Kakule iliposhuka, Mama Charline alipandishwa cheo. Kila mara alipopandishwa cheo, alipewa kartoni. Kila kartoni ikasukuma ukuta. Na ukuta ukashusha namba.

"Mama Charline," alisema Papa Kakule kwa upole, "hizi zote hazijauzwa?"

"Zitauzwa." Aliangalia chini. "Nikifika cheo ya Diama, watu watakuja wenyewe. Hivi ndivyo Carlos alisema. Mimi nalala pale." Alionyesha ufa kati ya kartoni na kitanda cha watoto, mahali ambapo paka angefikiri mara mbili.

Papa Kakule alimuelezea juu ya bobini. Mama Charline alisikiliza mudomo wazi, mara ya kwanza kwa miaka yote ya ujirani.

"Basi hata sentimita moja si ya dawa?"

"Hata moja."

"Na ile yenye ulikuwa unasikia inakusukuma?"

"Ni chai, mama. Ama manjano. Ile yenye iko katikati."

Mama Charline alitaka kucheka, ila uso wake haukukubali. Akamushika mukono. "Papa Kakule, jumamosi watanipatia Diama juu yako. Usiniangushe mbele ya watu. Sema tu sentimita. Usiseme sababu. Sentimita si ni kweli? Ilikuwa munane, sasa ni ine. Wewe utakuwa haujadanganya, na mimi nitakuwa nimeuza."

Papa Kakule alikuwa mutu wa kukubali haraka na kujuta pole pole. Akasema sawa. Atasema sentimita tu. Walipotoka, Mama Philomène hakumuchokoza, na hilo ndilo lilimuogopesha.

"Miezi tatu," alisema muke wake mwishowe. "Miezi tatu bila dawa, bila kujinyoosha. Papa, munane ya kweli iko wapi leo?"

Papa Kakule alihesabu kwa vidole. Alifikiri: kama ukuta umenifuata sentimita nne, na mita inasema nne, basi bado nane. Lakini kamba za viatu zilimuambia kitu kingine. Alivuta kabati la nguo, akasimama kwenye nguzo ya pembeni, ile iliyopigwa kwenye lava na haijasogea hata mutetemeko wa volkano ulipopita. Mama Philomène alipima.

"Ngapi?"

"Kenda na nusu," alisema. Tisa na nusu, na hakuongeza ile ya nywele.

Jumamosi ukumbi wa juu pale Birere ulijaa. Chini pikipiki zililia, wauza viatu waliita watu, juu makoti ya violet yalikaa mistari miwili, yote kazi ya mukono wake. Carlos alisimama na mikro mukononi, bega lake la pamba likiwa sawa na lingine.

"Huyu papa alikuwa anaangalia miguu yake! Leo anaangalia mbingu! Papa Kakule, waambie! Ilikuwa ngapi?"

"Ilikuwa munane," alisema Papa Kakule.

"Na leo ukutani kwako?"

"Kwa ukuta yangu, ine."

Watu walipiga makofi, vigelegele vikapanda. Mama Charline, mustari wa pili, alifumba macho kama mutu anayemaliza rozari. Mambo yangekuwa yameishia hapo, kila mutu na uongo wake mudogo usiokuwa uongo, kama si mama mumoja aliyeinua mukono kwenye kiti cha pembeni. Alikuwa bado kijana, mutoto mugongoni, na alipotaka kumuangalia Papa Kakule hakugeuza shingo. Aligeuka muzima muzima. Papa Kakule aliliona kabati lingine mara moja.

"Mimi ninaitwa Umuhoza, natoka Katoyi," alisema. "Kwetu mama yangu alikuwa na huu ugonjwa, na mimi niko nao. Papa, nilikuwa nataka kuuliza. Dawa ya hospitali uliiacha siku gani? Yangu niko nayo hapa ndani ya saki ya mukono. Nikitoka hapa nataka kuitupa."

"Siku ya kwanza!" alijibu Carlos. "Aliitupa siku ya kwanza!"

"Mimi namuuliza papa," alisema Umuhoza.

Papa Kakule alimuangalia. Mutoto aliyekuwa mugongoni alichungulia juu ya bega la mama yake, uso wote wazi, na mama hakuweza kumuona.

"Usiitupe," alisema.

Carlos alinyoosha mukono kuchukua mikro. Papa Kakule hakuitoa.

"Mama Umuhoza, usiitupe. Zile sentimita ine si zangu. Ni za ukuta. Ukuta ya nyumba yangu iliinama, ikanifuata kichwa. Nilipima kwa bobini. Mimi mwenyewe niko kenda na nusu, nilikuwa munane mbele ya kuacha dawa. Nilijiharibu kwa mikono yangu, na nikashona makoti juu yake."

Kisha mutu nyuma akacheka, mwingine akafuata, ukumbi muzima ukapasuka kicheko.

"Mumesikia!" Carlos alipiga kelele bila mikro. "Uzima Tele inasukuma hata mbao! Hata nyumba yake imepona!"

Makofi yakaongezeka. Makoti ya violet yalisimama. Papa Kakule alielewa kwamba mahali pale ukweli ungeweza kusemwa mara kumi na kupigiwa makofi mara kumi. Akaweka mikro juu ya meza, akashuka, akapita kati ya viti hadi kwa Umuhoza.

"Pale hospitalini uliza kiné Aubin," alimuambia karibu na sikio. "Anakuwako jumanne na alhamisi asubuhi. Meza dawa yako kisha ya kula. Ukimeza kitu kingine chochote, hata ya hawa, mwambie. Sambaza, kula. Maharagi, kula. Usiogope kuku."

"Kuku?"

"Utaelewa ukianza kujinyoosha."

Umuhoza alirudisha saki yake mapajani, akaishika kwa mikono miwili. Mama Charline alikuwa ameweka kiganja juu ya mudomo, na haikujulikana kama anazuia kilio au kicheko. Labda hata yeye hakujua.

"Papa Kakule, usiende mbali!" Carlos alikuwa ameshika mikro tena, anatabasamu jasho likimutoka. "Zawadi yako iko hapa, kartoni mbili!"

"Narudi," alisema Papa Kakule kutoka mulangoni.

Alishuka ngazi moja moja, mukono kwenye ukuta, magoti yakilalamika. Juu walianza wimbo wa kundi, wakaumaliza. Carlos akaita jina lake mara moja, akaita mara ya pili. Mara ya tatu jina lilitoka madirishani, likapita juu ya pikipiki na wauza viatu, na watu wengine wa barabarani waliinua vichwa kuona nani anayetafutwa. Mama Philomène alikuwa anamungojea ng'ambo ya barabara na kifuko cha sambaza kavu. Alimushika mukono, wakakata kona, na Papa Kakule hakurudi.